Mtoto Aliyefungwa Hogo: Mfupa Unahitaji Kutulizwa, na Pia Unahitaji Kazi

Maembe yanapoanza kuiva hapa Tabora, watoto wanaovunjika mikono nao huongezeka. Miembe ya zamani, ile iliyoachwa kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, ni mirefu, na maembe mazuri yako kwenye matawi ya juu. Mtoto hupanda, tawi hukatika, na anapoanguka hutanguliza kiganja. Mfupa wa mkono hupokea uzito wote. Wengine huanguka na baiskeli, wengine hugongwa na bodaboda wakivuka barabara kwenda shule.

Hospitali humpiga picha ya eksirei, humnyoosha mfupa, humfunga hogo, kisha humruhusu. Kuanzia hapo kazi ni yako wewe mama, bibi, shangazi au dada uliyebaki naye nyumbani. Na huko nyumbani ndiko ninakoulizwa maswali mawili kila ninapopita: "Nesi, alale tu au ajisogeze?" na "Nimchue?"

La pili jibu lake ni fupi. Usimchue. Sababu nitazieleza chini. La kwanza linahitaji maelezo, kwa sababu walezi wengi wanaompenda mtoto wao humlaza wiki sita bila kusogeza hata kidole, na mwisho wake mfupa unaunga lakini kiungo kinakuwa kikavu kama mlango uliopata kutu.

Kwa nini mfupa unapenda kazi

Mfupa ni kitu hai. Una damu, una seli, unabomolewa kidogo na kujengwa upya kila siku katika maisha yako yote. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aitwaye Julius Wolff aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaobebeshwa: panapopata kazi panaimarika, pasipo na kazi panapungua. Hilo limethibitishwa kwa njia nyingi tangu wakati huo. Wachezaji wa tenisi walipopimwa, mfupa wa mkono unaoshika raketi ulikutwa mnene kuliko wa mkono mwingine. Wanaanga wanaoelea angani, ambako miili yao haina uzito wa kubeba, hupoteza karibu asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi wasipofanya mazoezi ya kutosha. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani hadi pwani hawakuhitaji kuambiwa kwamba mwili hukomaa kwa kazi. Walijua.

Inavyotokea ni hivi. Ndani ya mfupa mna vijia vidogo sana vyenye majimaji. Mtoto akikanyaga, au msuli ukivuta, mfupa hupindika kidogo mno kuliko jicho linavyoweza kuona, na yale majimaji husukumwa kama maji kwenye sifongo uliyoibana. Seli zilizomo huhisi msukumo huo na hutoa taarifa: hapa pana kazi, jengeni.

Mfupa uliovunjika nao husikia lugha hiyo hiyo, ila kwa wakati wake. Siku za mwanzo pale palipovunjika pana damu iliyoganda. Wiki ya pili na ya tatu panaota tishu laini kama gegedu, ile unayoitafuna kwenye mfupa wa kuku. Baadaye tishu hiyo huingiwa na madini na kuwa mfupa mgumu, mfupa ukawa "umeshika". Mwisho, kwa miezi kadhaa na hata zaidi ya mwaka, mwili huchonga kile kinundu kilichobaki mpaka kinyooke. Watoto wana bahati hapa, kwani mifupa yao huunga haraka kuliko ya watu wazima, na upindefu mdogo mara nyingi hujinyoosha wakikua.

Je, kusogea kidogo kunasaidia katika hatua hizo? Mwaka 1985 watafiti wawili wa Uingereza, Goodship na Kenwright, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa kondoo. Mifupa ya muundi iliyovunjika ilishikwa imara kwa vyuma, kisha baadhi ilisogezwa kiasi cha milimita moja kwa mashine, dakika 17 hivi kwa siku. Ile iliyosogezwa iliunga vizuri kuliko ile iliyotulizwa kabisa. Baadaye walijaribu jambo hilo kwa watu na wakapata mwelekeo huo huo. Zingatia vipimo hivyo, mama: milimita moja, dakika chache, na mfupa ukiwa umeshikwa imara. Hakuna aliyeushika mfupa mkononi na kuutikisa.

Kabla yao, daktari Augusto Sarmiento wa Marekani alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1967 juu ya wagonjwa waliovunjika muundi ambao aliwafunga hogo fupi chini ya goti na kuwaruhusu kutembea. Mguu ulikanyaga, misuli ikafanya kazi ndani ya hogo, mfupa ukaunga, na goti halikukakamaa. Kwa hiyo daktari anapokuambia "sasa aanze kukanyaga", usidhani amechoka kumhudumia mwanao. Kukanyaga kwa wakati wake ni dawa.

Mkono wa Livingstone

Hapa kwetu tuna mfano wa mfupa ambao haukuunga, na watu wengi hupita karibu nao bila kujua. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuna tembe ambalo David Livingstone alikaa mwaka 1872, kwanza akiwa na Stanley, kisha peke yake akisubiri wapagazi hadi Agosti. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Mtu huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alikuwa ameng'atwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, kusini mwa Afrika. Mfupa wa juu wa mkono wake wa kushoto ulisagika, na haukuunga vizuri tena. Pale palipovunjika pakabaki panacheza, pakawa na kiungo cha uongo: mahali ambapo mkono unakunja na pasingepaswa kukunja.

Alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, wakapita hapa Unyanyembe na kwenda nao hadi Bagamoyo. Ulipofika London Aprili 1874, mpasuaji Sir William Fergusson aliutambua kwa kiungo kile cha uongo kwenye mkono wa kushoto. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu simba, na mfupa ulikuwa bado haujashika.

Mfupa hushindwa kuunga kwa sababu chache zinazojulikana: unachezacheza mno bila kushikwa, kidonda kimeingia wadudu, damu haifiki vya kutosha, au vipande viko mbali. Leo Livingstone angeoshwa kidonda chumba cha upasuaji, angepewa antibiotiki na chanjo ya pepopunda, na mfupa wake ungeshikwa kwa vyuma. Ukiona mfupa umetoboa ngozi, au pana jeraha juu ya mahali palipovunjika, hata kama ni dogo kama tundu la sindano, usikae nyumbani usiku mmoja. Funika kwa kitambaa safi uende.

Kuchua, kukanda na mabanzi

Najua kwa nini mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa. Yuko jirani, anaaminika, anakubali kulipwa kidogokidogo au kwa kuku, na hana foleni. Wengine wana mikono yenye ujuzi kweli. Sisemi haya kumdharau mtu. Lakini nimeona yale yanayofuata, na mama anayesoma hapa ana haki ya kuyajua.

Kuchua mahali palipovunjika hubomoa ile tishu laini inayoota. Ni sawa na mtu anayetikisa ukuta wa udongo kabla haujakauka. Kukanda kwa maji ya moto siku za mwanzo huongeza uvimbe. Kiwiko cha mtoto ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kikichuliwa baada ya kuumia mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na mkono ukashindwa kukunjuka tena kwa miaka. Mkono wenye kiwiko kilichovimba usichuliwe na mtu yeyote, awe bibi, mganga au mchuaji wa timu ya mpira.

Mabanzi ya mianzi yaliyofungwa na kamba yana hatari nyingine. Mkono uliovunjika huvimba siku mbili tatu za mwanzo. Kamba haitanuki. Damu inashindwa kupita, misuli inaanza kufa ndani ya saa chache, na mtoto aliyevunjika mfupa mdogo tu anaishia kukatwa mkono. Hogo la hospitali nalo linaweza kubana hivyo hivyo, ndiyo maana dalili zifuatazo zinakuhusu popote alipofungwa.

Bonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu urudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Kwa ngozi nyeusi ukucha ndio unaosema kweli, usitegemee rangi ya ngozi. Gusa vidole ulinganishe na vya upande mwingine kama ni vya baridi. Mwambie avikunje na kuvikunjua. Kisha wewe mwenyewe vinyooshe taratibu: akipiga kelele kwa maumivu makali ya ndani, au kama maumivu yanazidi saa baada ya saa ingawa amepewa parasetamo, au vidole vimekufa ganzi, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kama amefungwa mabanzi, legeza kamba zote kwanza, ndipo muondoke. Usisubiri kliniki ya Jumatatu. Hogo hukatwa na kufungwa tena.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Mtoto ambaye mkono au mguu wake umevimba na unauma bila kuanguka popote, hasa akiwa na homa, huenda hajavunjika kabisa. Anaweza kuwa na maambukizi ndani ya mfupa, au ana selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa. Huyo naye asichuliwe. Apelekwe apimwe damu.

Mazoezi ya nyumbani wakati wa hogo

Kanuni ni moja: palipovunjika patulie, kwingine kote kufanye kazi.

Siku tatu za mwanzo lengo ni uvimbe ushuke. Mkono uwekwe juu ya mto, mguu uinuliwe juu ya godoro lililokunjwa. Hata hivyo vidole visogee tangu siku ya kwanza. Vidole vikikunja na kukunjua, misuli hubana mishipa ya damu na kusukuma uvimbe urudi juu.

Kwa mkono: kila saa mtoto akiwa macho, afunge ngumi na kuifungua yote mara 10, kisha aguse kila kidole kwa kidole gumba. Mtoto mdogo hatahesabu, kwa hiyo mpe kazi. Karanga za kumenya ni mazoezi mazuri kuliko mengi niliyofundishwa chuoni, na Tabora hatukosi karanga. Kete za bao ni nzuri. Kuchambua mchele pia. Hogo lisiloe tu. Mara tatu au nne kwa siku mtoe mkono kwenye khanga uliyomning'iniza nayo, ainue bega juu ya kichwa, ashushe. Bega linalosahaulika hukakamaa ingawa halikuvunjika.

Kwa mguu: asogeze vidole. Akiwa amelala, akaze msuli wa paja kana kwamba anataka kulibonyeza goti kwenye godoro, ahesabu mpaka tano, alegeze. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukiweka kiganja juu ya paja utauona msuli unakaza. Zoezi hili halisogezi palipovunjika mahali pake, lakini linaubana mfupa kwa ndani na kuleta damu, na huo ndio msukumo tuliouzungumza hapo juu.

Kukanyaga ni suala jingine. Usilipime kwa huruma wala kwa haraka zako. Kabla hujatoka hospitali uliza swali hili kwa maneno haya: "Daktari, asikanyage kabisa, aguse tu, au akanyage anavyoweza?" Majibu hayo matatu ni tofauti, na jibu linategemea mfupa gani umevunjika na umeshikwaje. Omba liandikwe kwenye kadi au daftari lake. Akiambiwa aguse tu, maana yake mguu unatua chini kama unaokanyaga yai, uzito wote ukiwa kwenye magongo. Magongo yasikae kwapani, uzito ubebwe na viganja.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanayotulia baada ya kupumzika ni ya kawaida. Maumivu yanayomwamsha usiku siyo ya kawaida.

Aliyevunjika paja mara nyingi hulazwa wiki kadhaa, mguu ukivutwa na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, iwe hapa Kitete, Nkinga au Bugando. Ule uzito usiuinue wala kuutoa wakati wa kumwogesha, hata akilia. Kazi yako hapo ni kifundo cha mguu: akipandishe na kukishusha siku nzima, la sivyo unyayo huning'inia na kukakamaa hivyo. Mikono na mguu mzima navyo vifanye kazi. Waulize wahudumu wa wodini kama mtaalamu wa mazoezi tiba amemwona. Usipouliza, anaweza kupitwa.

Kichanga aliyevunjika mtulinga wakati wa kuzaliwa hahitaji zoezi lolote. Mfupa wake hushika ndani ya wiki mbili au tatu. Bana mkono wa nguo yake kwenye kifua chake, mbebe kwa upole, mnyonyeshe.

Wengi hununua supu ya mifupa. Haina ubaya, ni chakula. Lakini mfupa hauungi kwa kunywa mfupa. Mtoto apate dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yake, maziwa, maharage, mayai mkiwa nayo, na jua la asubuhi. Kinachonisumbua zaidi katika mkoa wetu ni tumbaku. Inachelewesha mfupa kuunga, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kijana aliyevunjika mguu na anavuta, aache kipindi chote hicho, na babu asivutie kiko chumba anacholala mgonjwa.

Mashine za kuunga mfupa

Mwaka 1957 Wajapani Fukada na Yasuda walionyesha kwamba mfupa ukipindwa hutoa umeme mdogo sana. Tangu hapo zimetengenezwa mashine nyingi za umeme, sumaku na mawimbi ya sauti za kuharakisha mfupa. Ile ya mawimbi ya sauti imechunguzwa vizuri. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya watu 501 wa Marekani na Kanada waliofanyiwa upasuaji wa muundi. Nusu walipewa mashine inayofanya kazi, nusu walipewa inayofanana nayo lakini haitoi kitu. Hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu katika jarida la BMJ likashauri isitumike kwa mfupa uliovunjika. Mtu akikuuzia bangili ya sumaku au mkanda wa umeme sokoni, hiyo fedha weka nauli ya kurudi kliniki.

Hogo likitolewa

Mkono wa mtoto huunga kwa wiki nne hadi sita, mguu huchukua muda zaidi, na wa mtu mzima huweza kufika miezi mitatu hadi minne. Usilikate hogo mwenyewe kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu huisha kabla mfupa haujawa mgumu.

Utakachokiona kitakushtua: ngozi imekauka inabanduka, vinyweleo vimeongezeka, na mguu umekuwa mwembamba kuliko mwenzake. Osha kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ya nazi au ya alizeti. Hapo hata kupakaa mafuta kwa wepesi kunaruhusiwa, ila hakuna kukikunja kiungo kwa nguvu. Mtoto mwenyewe ndiye anayekunja na kunyoosha, kidogo zaidi kila siku, kama anavyoweza. Kumfanyia kwa mabavu humtia hofu, na kiungo huvimba upya.

Akichechemea wiki mbili tatu za kwanza usimkaripie. Mtume karibu, mpe chombo chepesi cha maji, acha atembee kwenye mchanga. Kama baada ya hogo kutolewa bado anasikia maumivu palepale palipovunjika, au unaona panacheza panapobonyezwa, mrudishe apigwe picha nyingine, kwani mfupa ambao haujashika una matibabu, na Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili huyafanya. Mpira, kuruka kamba na kupanda miti visubiri kama wiki nne hadi sita zaidi baada ya hogo, au muda atakaokupa daktari.